Tani mbili na nusu za nini?

Mtu akiliona lori la M35 la Jeshi la Marekani kwa mara ya kwanza huniuliza: "Hili si la tani mbili na nusu? Mbona limeshiba hivi?" Likiwa tupu lina karibu tani sita. Hizo mbili na nusu ni mzigo wake, tena mzigo wa porini, yaani nje ya barabara.

Tani ya Wamarekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907. Panda kwenye kabini ya M35A2, toleo mojawapo la lori hilo, usome kibati cha dashibodi: porini ratili 5,000, barabarani 10,000. Lori ni lilelile, springi ni zilezile. Kilichobadilika ni ardhi. Kwenye lami matairi yote kumi yanagawana uzito. Likishuka mtaroni, gurudumu moja linaning'inia, chesisi inajipinda, na uzito unaangukia kwa kishindo springi na ekseli chache zilizobaki chini. Jina la lori limetokana na safari hiyo mbaya. Dodge M37 nalo ni hivyohivyo: linaitwa la robo tatu tani, nazo ni ratili 1,500 za porini, barabarani linaruhusiwa 2,000.

Vitani kiwango hicho kilivunjwa kwa makusudi. Mwaka 1944 nchini Ufaransa, malori ya GMC CCKW, nayo ya tani mbili na nusu, ya Red Ball Express, msafara wa kupeleka mahitaji kwa majeshi, yalipakiwa kupita kiasi, na matairi yakalika vibaya mno.

Kibati kina thamani kikiwa cha lori lenyewe tu. Niliwahi kuletewa moja lenye kibati kinachong'aa, kimefungwa kwa skrubu mpya. Nikasugua matope kwenye chesisi kwa kitambaa na kijiti (brashi ya waya siiruhusu karibu na namba za zamani) hadi tarakimu zikatokea moja moja, zimegongwa kwa mkono, nyingine zimeinama. Hazikulingana na za kibati hata kidogo. Vibati vya kuiga huuzwa vitupu, na mtu hugonga anachotaka.

Kwa hiyo nililipeleka kwenye mizani, likapimwa ekseli kwa ekseli. Lilikuwa limeongezewa winchi (mashine ya kuvutia kwa kamba ya waya) mbele, na winchi huilemea ekseli ya mbele hata bodi ikiwa tupu. Hesabu ya mzigo nikaianzia kwenye uzito huo wa mizani.