Mwekezaji wa klabu: maana ya 51 kwa 49

Ukikaa kijiweni Dar es Salaam siku Simba imefungwa, hukosi kusikia, "Tajiri aweke hela bwana!" Ukiuliza tajiri huyo ana haki gani klabuni, kila mtu atakujibu lake, kwa sababu tunachanganya watu watatu: mdhamini, mfadhili na mwekezaji.

Mdhamini analipa ili jina lake likae kifuani mwa jezi, mkataba ukiisha anaondoka. Ndiyo maana mwaka 2017 SportPesa iliweza kuzidhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja, na hakuna aliyesema imezinunua.

Mfadhili ni mtu wa mapenzi. Analipa mishahara, anasajili, anatoa ahadi kabla ya mechi kubwa, na mara nyingi hakuna karatasi inayoonyesha kama pesa ile ni zawadi au deni. Azim Dewji alikuwa mfadhili wa Simba ya 1993, ile iliyofika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu Abidjan na kuja kufungwa 2-0 na Stella ya Ivory Coast hapa nyumbani. Yusuf Manji aliibeba Yanga kwa miaka, kwanza kama mfadhili kisha kama mwenyekiti, na mwaka 2016 akaomba akodishwe timu na nembo kwa miaka 10. Alipojiuzulu 2017, klabu iliyumba mpaka ikatembeza bakuli, kocha Mwinyi Zahera akiwa mstari wa mbele kuwahimiza mashabiki wachange. Hapo ndipo udhaifu wa ufadhili ulipoonekana mchana kweupe: akiondoka mtu mmoja, mishahara inaondoka naye.

Mwekezaji ananunua hisa. Klabu inageuzwa kuwa kampuni, na kwa klabu zetu za wanachama serikali iliweka mpaka: wanachama wasipungue asilimia 51, uwekezaji usizidi 49. Simba ndiyo iliyotangulia. Desemba 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji, Mo, alitangazwa mshindi wa zabuni ya hisa hizo, dau likiwa Sh bilioni 20. Hundi ya fedha hizo aliikabidhi hadharani Julai 2021, na katikati ya hapo maneno yalikuwa mengi: zimelipwa? ziko akaunti ipi? Maswali ya haki kabisa, maana hisa ambayo haijalipiwa ni ahadi tu.

Sasa, je, 51 ina maana mwanachama ndiye bosi? Kwenye karatasi, ndiyo. Wanachama wana mkutano mkuu, wanachagua mwenyekiti wao na wajumbe wao wa bodi. Lakini mwanachama mmoja mmoja hana hisa ya kuuza wala gawio la kusubiri mwisho wa mwaka. Hisa zile zinashikwa kwa pamoja. Anachomiliki ni kura, na kura inatumika mara chache. Mishahara inalipwa kila mwezi, na dirisha la usajili likifunguliwa mtu anayepigiwa simu usiku ni yule mwenye fedha. Kwa maoni yangu hesabu ya 51 kwa 49 inaeleza nani anaweza kumzuia tajiri. Nani anaendesha klabu ni habari nyingine.

Tazama Yanga. Wanachama waliridhia mabadiliko kama hayo mwaka 2021, lakini nguvu ya kampuni ya GSM klabuni ilikuja kwa njia ya udhamini na biashara ya jezi, na mwaka 2022 Injinia Hersi Said, aliyetoka GSM, akachaguliwa na wanachama hao hao kuwa rais wa klabu. Tena kwa furaha, maana timu ilikuwa inabeba makombe. Tajiri anayepigiwa kura za shangwe hana haja ya kugombania asilimia.

Azam FC ni habari tofauti kabisa. Ile ni timu ya familia ya Bakhresa, ilianza kama timu ya wafanyakazi, ikapanda Ligi Kuu 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi na kutwaa ubingwa msimu wa 2013/14. Pale hakuna 51 ya mtu yeyote. Shabiki wa Azam akichukia usajili, anaweza kulalamika au kubaki nyumbani. Mkutano wa kumng'oa kiongozi hana. Faida yake ni kwamba hajawahi kulala akiwaza kama mwenye timu ataamka na kususa kwa sababu ya maneno ya wanachama. Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga wanaijua vizuri hofu hiyo.