Chesi za angani: ubishi wa vijiweni Mbeya na ukweli wake

Wacheza chesi hapa Mbeya hawafikii wa drafti kwa wingi, lakini kwa ubishi hawashikiki. Na ubishi mrefu kuliko wote hauhusu mbinu za kufungulia mchezo. Unahusu zile chesi za kwenye filamu za anga za juu, zenye ubao wa ghorofa na kete zinazopigana zenyewe. Haya ndiyo yanayorudiwa sana kwenye mitaa yetu ya Soweto na Kabwe, mengine kwa uhakika wa ajabu.

"Ile ya Star Trek ina miraba mia mbili na kitu, binadamu hawezi kuicheza."

Anayesema hivi hajawahi kuihesabu. Ubao ule wa Star Trek, tamthilia ya anga za juu ya televisheni, una mbao tatu kubwa zilizopandishwa kwa ngazi, kila mmoja ukiwa na miraba minne kwa minne. Hapo tuna 48. Kwenye pembe kuna vibao vinne vidogo vya miraba miwili kwa miwili, yaani 16. Jumlisha: 64, sawasawa na ubao wa kawaida unaouzwa dukani. Kete ni zilezile 16 kwa kila upande.

Ugumu wake uko kwingine. Vile vibao vidogo vinahama. Badala ya kusogeza kete, unaweza kutumia zamu yako kung'oa kibao na kukipachika kwenye pembe nyingine, na ghafla mfalme uliyedhani amejificha yuko uwanjani. Mtu aliyezoea kuona ubao umetulia hapo ndipo anapotoka jasho. Halafu askofu anapanda ghorofa akiwa bado kwenye mshazari wake, na jicho la anayeanza haliioni njia hiyo mpaka ameshaliwa.

Kuutengeneza si kazi ya kiwanda. Plaiwudi, fimbo ya chuma iliyopindwa na fundi wa kuchomelea anayejua kazi yake, basi. Mwambie tu vibao vidogo visiwekwe gundi. Ukivigandisha umebaki na pambo la sebuleni.

"Sheria zake zilitungwa na wenye filamu."

Hapana, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mwaka 1966, Kirk na Spock, wahusika wakuu wa Star Trek, walipoonekana wakiucheza kwenye televisheni, hakukuwa na sheria yoyote. Waliotengeneza vifaa vya kuigizia walichukua mbao za michezo mingine ya ghorofa iliyokuwa madukani Marekani, wakaziunga, wakaweka juu yake kete za chesi zilizokuwa zikiuzwa siku hizo. Waigizaji walisogeza chochote kilichopendeza mbele ya kamera. Mchoro wa ubao ulichapishwa mwaka 1975 kwenye kitabu cha Franz Joseph kuhusu Star Trek, na baada ya hapo shabiki mmoja, Andrew Bartmess, akakaa chini akazitunga sheria kamili. Kwa hiyo mchezo uliozaliwa kama picha tupu umekamilishwa na watazamaji wake. Ukimwona mtu anatazama kipande cha mwaka 1966 akichambua "mbinu ya Spock", mwache ale raha yake.

"Wamarekani ndio waliovumbua chesi ya ghorofa."

Hapana. Mcheza chesi wa Ulaya, Lionel Kieseritzky, alishaijaribu kwenye mchemraba wa nane kwa nane kwa nane mwaka 1851. Mwaka 1907 Mjerumani Ferdinand Maack akatoa yake, Raumschach, ambayo baadaye ilitulia kwenye ghorofa tano zenye jumla ya miraba 125. Aliongeza kete mpya anayekata kupitia kona za mchemraba, kwa sababu ghorofa zikiongezeka zinazaa njia ambazo ngome na askofu hawazigusi. Hamburg waliunda hadi klabu ya mchezo huo mwaka 1919.

"Ile ya Star Wars nayo ni chesi."

Ubao ni wa duara, kete ni madude yanayobebana na kubwagana, na filamu ya 1977 haifafanui hata sheria moja. Yale madude yalikuwa vinyago vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Tuishie hapo.

"Chesi za vitabuni hazichezeki."

Jetan inachezeka. Edgar Rice Burroughs aliiweka kwenye riwaya yake ya mwaka 1922 kuhusu sayari ya Mirihi, kisha mwishoni mwa kitabu akaorodhesha sheria zake. Ubao ni kumi kwa kumi, miraba myeusi na ya rangi ya chungwa, kete 20 kila upande. Ukimkamata binti mfalme wa mwenzako umeshinda. Ukimla chifu wake kwa chifu wako, umeshinda pia. Lakini chifu akiliwa na kete nyingine yoyote, ni sare. Sheria hiyo moja inabadilisha mchezo mzima: anayezidiwa anaweza kuokoa mechi kwa kete dhaifu. Kwangu mimi hii ndiyo bora kati ya zote, na kwa mcheza drafti ni rahisi kuizoea. Chukua vizibo vya soda, andika herufi juu, mnaanza.

Ndani ya riwaya, jiji moja huicheza kwa watu hai, na ukiingia mraba wa mwenzako mnapigana kwanza. Hapo ndipo wengi wanapochanganya hadithi na mchezo wenyewe.

"Spock aliishinda kompyuta kwa kuwa ana akili kuliko mashine."

Kipindi cha Star Trek cha mwaka 1967 chenye tukio hilo kinasema kinyume. Kompyuta ile aliipanga mwenyewe, kwa hiyo matokeo mazuri kuliko yote aliyostahili kupata ni sare. Alipoanza kushinda ndipo alipojua kwamba kuna mtu ameivuruga. Ushindi wake ulikuwa ushahidi wa hitilafu.

"Angani kwenyewe hakuna aliyewahi kucheza."

Juni 9, 1970, wanaanga wa Kisovieti Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walicheza na wenzao wa duniani kwa redio wakiwa ndani ya chombo cha Soyuz 9. Kete zilishikwa na mifereji ya ubao ili zisielee. Walitoka sare, na ubao wao ulikuwa wa ghorofa moja.