Kinyesi kama kipimo cha ubora wa malisho

Kukata nyasi za machungani na kuzipeleka maabara hakuelezi mnyama amekula nini hasa. Ng'ombe au nyumbu huchagua: hunyofoa majani mabichi, huacha mabua. Uchaguzi huo unaonekana kwenye kinyesi chake, na kwa wanyamapori kuna nafuu zaidi, kwani kinaokotwa bila kumkamata mnyama wala kumdunga sindano ya usingizi.

Kinachopimwa mara nyingi ni naitrojeni, elementi iliyomo katika kila protini. Chakula chenye protini na kinachomeng'enyeka vizuri huzalisha bakteria wengi tumboni, na mabaki yao hutoka na kinyesi. Ndiyo maana naitrojeni hupanda nyasi zikichipua na kushuka zikikauka. Protini ya malisho ikipungua chini ya takriban asilimia 7, bakteria wa tumbo la mnyama anayecheua hudhoofika, naye hula kidogo na kukonda hata akisimama katikati ya nyasi tele.

Mchungaji mzoefu husoma mengi kwa macho tu. Ng'ombe aliyekula majani machanga hutoa kinyesi laini kinachotandaa. Wa nyasi kavu hutoa kigumu, kilichopandana tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikionekana. Usimlinganishe na punda milia: huyo hacheui, kwa hiyo kinyesi chake huwa na nyuzi ndefu hata akila vizuri.

Mtego mkubwa ni tanini, kemikali iliyomo kwenye majani ya miti na vichaka vingi. Hushikamana na protini na kutoka nayo, hivyo naitrojeni ya kinyesi ikawa juu ilhali mnyama hakufaidika. Kwa mbuzi au twiga, mimi nisingeamini namba hiyo peke yake. Afadhali kuongeza uchunguzi wa hadubini au wa DNA, unaotambua mimea iliyoliwa.

Sampuli iwe mbichi, kabla ya mvua na mende wa mavi kuifikia, isiyo na udongo wala mkojo (mkojo nao una naitrojeni), na ichukuliwe kwa wanyama kadhaa. Kumbuka pia kwamba chakula hukaa tumboni siku moja hadi tatu, wakati mwingine zaidi. Kundi lililohamishwa jana bado linatoa habari za malisho ya zamani.