Nyumba Unauziwa, Ardhi Je?

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa makazi hapa Malindi huja wameshapatana bei. Wameona nyumba Maweni au Kisumu Ndogo, ina vyumba sita, mabati bado mapya, wapangaji wamo ndani, na mwenyewe anataka pesa haraka. Wao wanataka kujua kama bei ni nzuri. Sisi huwauliza: unauziwa nyumba na ardhi yake, au nyumba peke yake?

Aliyetoka bara hushangaa. Mpwani anajua tunazungumzia nini. Sheria ya 1908 ya kusajili ardhi za ukanda wa Pwani iliacha maeneo makubwa mikononi mwa wamiliki wachache, wengine wakiishi mbali, na wakazi wengi wakabaki wakijenga juu ya ardhi ya mtu. Ndipo utaratibu wa nyumba bila ardhi ukashamiri: kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwenzako, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Mahakama zetu zinautambua. Si utapeli, na familia nyingi zimelea watoto na wajukuu ndani ya nyumba za namna hiyo.

Hatari yake iko kwenye bei. Tuseme nyumba hiyo inauzwa shilingi 1,200,000, na kila chumba kinapangishwa kwa 3,500. Hizo ni 21,000 kwa mwezi, 252,000 kwa mwaka, na mnunuzi anapiga hesabu kuwa miaka mitano pesa yake imerudi. Hakuhesabu miezi ambayo chumba kitakaa kitupu, ukarabati, wala kodi ya ardhi, ambayo inaweza kupandishwa. Kubwa zaidi, hana hati ya kuipeleka benki kuombea mkopo. Akitaka kuongeza ghorofa, au kubomoa ajenge upya, lazima amwendee mwenye ardhi. Na ardhi ikiuzwa, mwenye ardhi mpya anaweza kumtaka aondoke baada ya kumpa notisi. Nyumba ya namna hiyo haifai kununuliwa kwa bei ya nyumba yenye kiwanja chake, na mimi simshauri mtu atie humo akiba yake yote.

Kuna wanaojipa moyo kwamba wakikaa miaka 12 ardhi inakuwa yao. Sheria ina kipengele hicho, lakini ni kwa aliyekaa waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe. Wewe unayelipa kodi ya ardhi uko pale kwa ruhusa, kwa hiyo miaka hiyo haihesabiki. Hata hivyo stakabadhi zako zitunze zote, maana ndizo ushahidi wako kwamba nyumba ni yako na hudaiwi.

Ukiambiwa ardhi imo, usiridhike na nakala ya hati. Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, mlete mpima ardhi aoneshe mipaka, kisha waulize majirani na mzee wa mtaa kiwanja kilikuwa cha nani zamani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi, lakini kiwanja kilikuwa eneo la wazi la umma lililogawiwa bila kufuata utaratibu, na akakikosa. Uliza pia kama ni mali ya wakfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, kwa kuwa mali ya wakfu haiuzwi. Na kama ni jumba la ufuoni la raia wa kigeni, jua kwamba Katiba ya 2010 haimruhusu kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99. Angalia imebaki mingapi. Juu ya bei weka ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na malipo ya wakili.

Kupanga si aibu. Kijana aliyepata kazi ya hoteli, ambayo msimu ukiisha huenda ikaisha nayo, ni afadhali apange huku akiweka akiba ya kiwanja chenye hati, hata kama kiko mbali na mji, kuliko kukimbilia kuta zilizo juu ya ardhi ya mtu.

Wazee ndio hasa wanaonitia wasiwasi. Mama amebaki peke yake kwenye nyumba kubwa Shella, watoto wako Mombasa na Ughaibuni, na dalali anamwambia auze ahamie nyumba ndogo. Wazo lenyewe si baya. Lakini mara nyingi hati bado ina jina la marehemu mumewe. Mirathi ikiwa haijafunguliwa, hana uwezo wa kuuza, na anayenunua anajinunulia kesi. Familia ya Kiislamu inaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Kwa sheria ya Kiislamu, kama marehemu aliacha watoto, fungu la mjane ni thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki kina wenyewe. Kabla ya dalali kuleta mteja hata mmoja, warithi wote wakae pamoja, wapate hukumu ya mirathi, ndipo waamue kama watauza au watapangisha vyumba vya mbele ili mama apate matumizi bila kuhama. Kodi ya wapangaji ikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka, serikali inadai asilimia 7.5 yake.