Mzee anapasuliwa tezi dume: antibayotiki apewe lini?

Swali: Mzee wetu anatoka Nansio, Ukerewe, na amepangiwa upasuaji wa tezi dume hapa Mwanza. Tumwanzishie vidonge vya antibayotiki mapema, ajikinge?

Jibu: Tafadhali msifanye hivyo. Vidonge vya kununua bila kupimwa huua bakteria dhaifu na kuwaacha walio sugu, na hao sugu ndio atakaoingia nao chumba cha upasuaji. Tena vinaweza kuharibu kipimo cha mkojo: majibu yaje safi, kumbe bakteria wamepungua tu.

Swali: Basi kinga inatolewa saa ngapi?

Jibu: Kwa kawaida ni sindano ya mshipani, ndani ya saa 1 kabla ya upasuaji kuanza. Daktari anapopitisha kifaa kwenye njia ya mkojo na kukwangua tezi iliyokua, mishipa midogo ya damu hufunguka, na bakteria waliomo kwenye mkojo wanaweza kuingia kwenye damu. Dawa inatakiwa iwe imeshafika mwilini wakati huo. Kama kuna dawa iliyowahi kumletea mzio, semeni kabla.

Swali: Amewekewa mpira wa mkojo tangu mwezi uliopita. Kuna tofauti?

Jibu: Kubwa sana, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mpira uliokaa mwezi mzima karibu kila mara huwa na bakteria, hata kama mzee hana homa. Mkojo wake uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe ili watambulike, daktari achague dawa kwa kufuata majibu. Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Kwa hiyo asipande meli siku moja tu kabla ya upasuaji. Awahi, alale kwa ndugu hapa mjini, apimwe bila haraka.

Swali: Akiruhusiwa, aendelee na dozi ya wiki nzima?

Jibu: Wengi hawahitaji. Mara nyingi dozi moja inatosha, au dawa inasitishwa ndani ya saa 24. Aliyekutwa na maambukizi ataelekezwa na daktari wake.

Swali: Tukirudi kisiwani, tuogope nini?

Jibu: Homa, kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa, au mkojo kuziba. Ikitokea usiku, mpelekeni hospitali ya Nansio usiku huohuo. Msingoje meli ya asubuhi.