EIN ya tawi lenu anaijua nani?

Tawi la chama likiniita nilisaidie mambo ya kodi, swali langu la kwanza halihusu pesa. Nauliza: EIN yenu, ile namba ya utambulisho wa mwajiri, ni ipi? Mara nyingi hufuata kimya, kisha mtu mmoja anaisoma kutoka kwenye barua pepe ya zamani. Nikiitafuta kwenye orodha ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nakuta ni namba ya makao makuu. Hapo najua jioni itakuwa ndefu.

Wengi wanaonipigia simu ni waweka hazina wa kujitolea: wa tawi la wahitimu, wa chama cha wazazi shuleni, wa tawi la wanataaluma fulani. Pesa zao ni kidogo, ada za wanachama na labda mnada mmoja wa hisani kwa mwaka. Dhana yao ni ileile: chama mama kina msamaha wa kodi, sisi ni watoto wake, basi yamekwisha. Hayajaisha. Msamaha unawaondolea kodi ya mapato, hauwaondolei wajibu wa kutoa taarifa kila mwaka. Na tawi lenye viongozi wake, katiba yake na akaunti yake ya benki kwa kawaida huhesabiwa na sheria za kodi za Marekani kuwa chombo kinachojitegemea, hata kama jina na nembo ni vya chama mama.

Yapo matawi ambayo kweli ni idara tu za makao makuu. Pesa zake zimo ndani ya vitabu vya chama mama, na ritani, yaani taarifa ya mwaka ya kodi, ya chama mama inayabeba. Mengine yalijiombea msamaha yenyewe na yana barua yake. Yanayonipa kazi ni yale yaliyo chini ya msamaha wa kundi. Hapa chama mama ndicho kilichoomba IRS msamaha unaofunika matawi yake. Kilipokubaliwa kilipewa namba ya kundi yenye tarakimu nne, na kila mwaka kinapeleka taarifa za matawi yaliyoongezeka, yaliyotoka na yaliyobadili jina au anwani. Tawi halina haja ya kujiombea msamaha, ila lazima liwe na EIN yake. Jina la namba hii limewapoteza wengi: inaitwa ya mwajiri, kwa hiyo wanasema sisi hatuna mwajiriwa. Haijalishi. Hata tawi lenye wanachama kumi na sanduku la risiti linaihitaji.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu yoyote, andikieni ofisi ya chama mama maswali mawili, na majibu yaje kwa maandishi. Je, tumo kwenye orodha ya kundi, na kwa jina na EIN ipi? Je, mnatuwasilishia ritani? La pili ndilo lenye mtego. Chama mama kinaweza kuwasilisha ritani moja ya pamoja kwa niaba ya matawi, lakini ni kwa yale tu yaliyotoa idhini ya maandishi mwaka huo na kukabidhi hesabu zake. Kama hamkumbuki kusaini idhini hiyo, haielekei kwamba mmo. Kiongozi akiniambia “nadhani makao makuu wanatufanyia”, neno “nadhani” linanitosha kufungua kompyuta.

Kama hakuna anayewafanyia, tawi dogo lina njia rahisi kuliko watu wanavyohofia. Fomu 990-N, ile inayoitwa kadi ya posta ya kielektroniki, hujazwa mtandaoni tu na haina hesabu ndani yake. Wanataka EIN, mwaka wa kodi, jina la kisheria na majina mengine mnayotumia, anwani, jina na anwani ya kiongozi mkuu, tovuti kama ipo, na uthibitisho kwamba mapato yenu ghafi kwa kawaida hayazidi dola 50,000. Mkipita hapo mnahamia Fomu 990-EZ, mradi mapato ghafi yawe chini ya dola 200,000 na mali yote chini ya dola 500,000. Zaidi ya hapo ni 990 kamili, na kwa kiwango hicho mtafuteni mhasibu wa kumlipa.

Maneno mawili katika sentensi ile yanahitaji subira: “ghafi” na “kwa kawaida”. Ghafi maana yake ni kila kilichoingia kabla ya kutoa gharama. Chakula cha hisani kikiingiza dola 30,000 na ukumbi na mapishi vikala 24,000, mweka hazina atasema tulipata 6,000. Kwa fomu hii mlipata 30,000. Upande wa pili, ada mnazokusanya kwa niaba ya makao makuu na kuzipeleka zilivyo, bila tawi kuwa na haki ya kuzitumia, si mapato yenu, ni yao. Nimeona matawi yakijitisha bure kwa kujumlisha pesa za makao makuu ndani ya zao.

“Kwa kawaida” nayo ni wastani. Tawi lenye umri wa miaka mitatu au zaidi hupima wastani wa miaka mitatu, ukiwamo mwaka huu, kwa hiyo mwaka mmoja wa sherehe kubwa si lazima uwatoe kwenye kadi ya posta. Tawi changa lina nafasi pana zaidi: dola 75,000 katika mwaka wake wa kwanza.

Siku ya mwisho ni tarehe 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wenu wa fedha kufungwa. Mnaofunga Desemba ni Mei 15, mnaofunga Juni ni Novemba 15. Angalieni IRS inaujua mwaka upi, maana nimekuta matawi yanayofunga vitabu Juni huku IRS imeandika Desemba.

Kuchelewesha 990-N hakuna faini, na nadhani ndiyo sababu watu huipuuza. Lakini tangu sheria ya pensheni ya mwaka 2006, chombo kisichowasilisha kwa miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wenyewe, bila kesi. Tawi la mwaka wa kalenda lililoruka 2022, 2023 na 2024 lilifutwa Mei 15, 2025. IRS ilipotoa orodha ya kwanza ya waliofutwa, Juni 2011, ilikuwa na takriban vyombo 275,000, vingi vikiwa vidogo.

Jambo linalowashtua viongozi ni kwamba mwavuli wa chama mama hauwezi kuwarudisha. Tawi lililofutwa lazima lijiombee lenyewe. Kwa tawi dogo la hisani chini ya 501(c)(3), kifungu cha sheria ya kodi kinachohusu vyombo vya hisani, mara nyingi ni Fomu 1023-EZ na ada ya dola 275. Kwa wanaofutwa mara ya kwanza, ambao kwa miaka hiyo mitatu wangestahili kutumia 990-N au 990-EZ, maombi yakiingia ndani ya miezi 15 msamaha unaweza kurudishwa kuanzia siku ulipofutwa. Mkiyaacha yapite, njia inakuwa nyembamba na maelezo yanayotakiwa yanakuwa mengi.

Jimbo nalo lina karatasi zake. California, kwa mfano, inataka Fomu 199N kwa mamlaka yake ya kodi, na kwa taasisi za hisani RRF-1 kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Kuwasilisha kwa IRS hakuzibi hilo pengo.

Nikifuatilia matawi yaliyofutwa, ni nadra kukuta wizi. Nakuta uchaguzi wa viongozi wapya. Mweka hazina wa zamani aliondoka na nywila na anwani ambayo barua za IRS bado zinaiendea. Kiongozi aliyetajwa kwenye EIN akibadilika, Fomu 8822-B inatakiwa ndani ya siku 60, nami huisainisha kwenye kikao kilekile cha makabidhiano, kabla chai haijapoa. Tawi moja lilihangaika miaka miwili kumtafuta mweka hazina wake wa zamani ili atoe nywila ya kuwasilisha 990-N. Nywila hiyo haikuhitajika. Mweka hazina mpya alifungua akaunti yake mwenyewe, akaingiza EIN ya tawi, na fomu ikaenda kabla hatujamaliza kuongea kwenye simu.