Dawa za Kuzuia Beta na Mzio Mkali: Maswali na Majibu

Histamini ni nini, na inahusianaje na moyo?

Ni kemikali inayotunzwa ndani ya seli za kinga, zikiwemo zilizo katika moyo wenyewe, na humwagwa kwa wingi mzio unapomshika mtu. Hutanua mishipa ya damu hadi presha ikashuka. Katika moyo huongeza kasi na nguvu ya mapigo kupitia vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali) vya aina ya H2, na kupitia vile vya H1 huchelewesha umeme unaotoka chemba za juu kwenda za chini.

Dawa hubadilishaje hali hiyo?

Dawa za kuzuia beta, kama atenololi, bisoprololi na propranololi, huziba vipokezi vinavyopokea adrenalini. Inashangaza kwamba misuli ya chemba za juu iliyochukuliwa wakati wa upasuaji kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za aina hii ilionekana kuitikia histamini kwa nguvu zaidi kuliko ya wasiozitumia. Kwa hiyo mgonjwa huyu anapopatwa na mzio mkali, moyo wake unaweza kuwa mwepesi kwa histamini na mzito kwa adrenalini, ambayo ndiyo tiba ya kwanza, ikichomwa kwenye msuli wa paja. Isipofua dafu, daktari huirudia au huongeza glukagoni, ambayo huuchochea moyo bila kupitia vipokezi vilivyozibwa.

Je, nikimeza kidonge cha mzio kwanza, nisubiri nione?

Hapana. Kidonge hicho hutuliza muwasho na vipele. Hakipandishi presha iliyoanguka wala hakifungui koo lililovimba, na huanza kufanya kazi wakati dakika za kuokoa maisha zimekwisha kupita.

Na vipele vikipungua?

Bado jibu ni hapana. Ukiona shida ya kupumua, uvimbe wa ulimi, kutapika mfululizo au kizunguzungu baada ya kuumwa na nyuki, kula kitu au kumeza dawa, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Nimechoka kupokea wagonjwa walioletwa baada ya kidonge cha pili na cha tatu, huku ndugu wakieleza kwamba walimshika mgonjwa mkono wakakuta mapigo hayaendi mbio. Dawa ya kuzuia beta huzuia mapigo kwenda mbio hata presha ikiwa chini sana, hivyo utulivu huo si dalili ya usalama. Mlazeni chali, miguu ikiinuliwa, isipokuwa kama anahema kwa shida, ambapo aachwe ameketi. Msimsimamishe wala kumtembeza.

Basi niache dawa yangu ya moyo?

Usiiache kamwe bila daktari, kwani kuikatiza ghafla kunaweza kuleta maumivu makali ya kifua na hata shambulio la moyo. Chukua pakiti yake uende nayo hospitali, na uitaje dawa hiyo kabla hujachomwa sindano yoyote.